Miwani Yangu ya Vioo Vitupu

Pangani, Kibaha

Upendo mwanangu,

Ya "hujambo" na "natumaini u mzima" nayaruka, maana leo asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukipanda bodaboda na kikapu mapajani, ukienda Mlandizi na kutoka hapo hadi Vihingo kumuaga bibi yako. U mzima kuliko mimi. Nimebaki hapa na begi lako, limesimama katikati ya sebule, na kila nikipita naligusa kidogo kuhakikisha kwamba lipo kweli na kwamba kesho linakwenda Mbeya.

Ya sweta, ya kula kwa wakati, ya kufunga mlango wa chumba, sitayagusa. Baba yako ameshayasema, na ninavyomjua atayarudia stendi, na basi likiondoka kabla hajamaliza atakupigia simu amalizie. Mimi nina jambo moja tu. Nimeona niliandike, kwa sababu tukikaa ana kwa ana wewe unacheka, mimi nalia, na baba yako anauliza chai iko wapi.

Nataka kukueleza habari ya miwani yangu. Nusu yake unaijua, na ile nusu unayoijua ndiyo iliyokaribia kukuzuia usiende.

Unaikumbuka siku ile uliposema huendi? Majina ya waliochaguliwa yametoka, lako limo, ujumbe wa kuthibitisha nafasi umeingia kwenye simu, na wewe ukaiweka simu kifudifudi mezani ukaendelea kuchambua mchele. Nikakuuliza kama umethibitisha. "Sijathibitisha, mama. Sitaki kwenda." Baba yako akadhani kuna mvulana. Mimi nikadhani unaogopa hesabu. Ukatuacha tukisie mpaka tukachoka, halafu ukainua uso ukaniangalia mimi, si yeye.

"Siwezi kwenda kuishi mahali ambapo mama yangu hawezi kuingia bila kuficha macho."

Nilikujibu vibaya. Nilipiga kelele kuhusu ada, kuhusu miaka, kuhusu watoto wa wenzangu wanaoililia nafasi hiyo, na ule mfuniko wa sufuria sikuuweka, niliutupa. Kilichonikasirisha ni kwamba ulikuwa umesema kweli, tena mbele ya baba yako, na sikuwa na pa kukimbilia. Siku za kuthibitisha zilikuwa zinakwisha. Nikawa naamka asubuhi na kitu cha kwanza ninachowaza ni kwamba mwanangu atakosa chuo kwa ajili ya miwani yangu.

Sasa ile nusu usiyoijua.

Alama hizi za mviringo kuzunguka macho yangu nilichanjwa nikiwa mtoto mdogo kabisa, kabla ukoo wetu haujashuka na ng'ombe kutoka kaskazini kuja kutafuta malisho huku Pwani. Kwetu Wadatoga huo ni urembo wa mwanamke. Bibi yako anazo, mama yake alikuwa nazo, na mimi nilipokuwa binti pale Vihingo niliambiwa nimependeza, nikaamini bila shida yoyote. Wewe sikukuchanja. Hilo niliamua mwenyewe, nikagombana na bibi yako msimu mzima, na sijutii, kwa sababu sikuona haki ya kumchanja usoni mtoto ambaye bado hajaweza kuulizwa. Lakini kukataa kukuchanja wewe ni jambo moja, na kuzionea haya zangu ni jambo jingine kabisa. Mimi niliyachanganya, nikayabeba pamoja miaka mingi.

Sekondari nilisoma Maneromango, bweni, na kule sikuteseka. Walinitania kwamba mimi nilizaliwa nimeshavaa miwani, nami nikawajibu kwamba ndiyo maana nawashinda kusoma. Tulicheka, tukala ugali, tukalala. Labda wazo nililipata huko huko bila kujua.

Chuoni mambo yalikuwa mengine. Mwenzangu wa chumbani, binti mzuri aliyelelewa vizuri, aliniangalia usiku wa kwanza kisha akaniuliza kwa heshima zote kama nimekuja na mkuki. Alikuwa hatanii. Alikuwa amesikia kwao kwamba sisi Mang'ati, kama wanavyotuita, hatuachani na silaha. Nikamwonyesha begi langu lote: kanga, madaftari na chupa ya samli. Tukawa marafiki baadaye, lakini wiki ile ya kwanza alilala uso ukiwa umeelekea kwangu.

Hilo nililimeza. Lililonishinda lilitokea darasani. Tulikuwa na mhadhiri mpole, mtu mzima, hata sasa siwezi kumsema kwa ubaya. Akafika kwenye mada ya jamii za wafugaji, akawa anatazama ukumbi mzima, macho yake yakatua kwangu, na uso ukamng'aa kama mtu aliyeokota noti. "Kumbe tunaye mwenyewe hapa! Hebu simama, binti. Tueleze, kwa nini watu wenu hawapendi shule?"

Nikasimama. Upendo, mimi nilikuwa nimekwenda shule tangu darasa la kwanza nikitembea peke yangu kutoka bomani hadi barabarani, na nyumbani walikuwa wameuza dume ili nifike kwenye ukumbi ule, halafu ndani ya ukumbi ule ule naulizwa kwa nini hatupendi shule. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu mengi. Nikasema, "Sijui, mwalimu." Watu wakacheka, si kwa ubaya, kicheko kile cha darasa la asubuhi. Nikakaa. Tangu siku hiyo, ng'ombe wakila mahindi ya mtu popote nchini, wenzangu waligeuka kunitazama mimi, kana kwamba nilikuwa nachunga kwa simu.

Mwisho wa mwezi nikaenda Kariakoo, nikanunua miwani kwa mmachinga. Fremu nene, nyeusi, kubwa kuliko uso, vioo vitupu visivyokuza wala kupunguza kitu. Haikuficha kila kitu, lakini mtu akinitazama aliona miwani kwanza, na wengi wakishaona miwani hawaendelei. Wakaanza kuniita Profesa. Nikapumua. Nakwambia ukweli, nilijisikia vizuri sana. Kosa lenyewe lilikuja na raha, na ndiyo maana nilidumu nalo.

Nikamaliza, nikabakizwa kufundisha, nikapata shahada zile nyingine, nikawa Dokta. Miwani ikawa inabadilishwa fremu tu. Nikadhani ukishakuwa mhadhiri mambo yanakwisha. Hayakwisha, yalivaa suti. Wakija wageni wa mradi, naitwa niwasalimie. Ikiundwa kamati ya wanafunzi kutoka kwa wafugaji, mimi ndiye katibu, hata nisipokuwepo kikaoni. Siku moja wakaja kunipiga picha ya kipeperushi cha chuo, na mpiga picha akaniomba, "Dokta, tafadhali ondoa miwani, tunataka zile alama zionekane." Nilikataa, nikasema naumwa macho. Alama zangu walizitaka kwenye karatasi, lakini kwenye kikao cha mtaala nikifungua mdomo walinisikiliza kama redio ya jirani. Chuo kizima sikuwahi kukutana na mhadhiri mwingine mwenye alama hizi. Ukiwa peke yako hivyo, kila mtu anakuazima, na jioni unarudi nyumbani hujui kilichobaki ni kipi.

Na nyumbani, wewe ulijua. Nilikuwa naivua miwani mlangoni pamoja na viatu. Ulikuwa bado hujaanza shule ulipoichukua ukaivaa, ukatazama huku na huku, ukasema, "Mama, hii miwani haina kitu." Nikakunyang'anya. Baba yako akacheka, mimi sikucheka.

Halafu ikaja siku ya Gidamis. Najua ndiyo uliyokuwa unaiwaza ulipoiweka simu kifudifudi.

Ulikuwa likizo, nimekuja nawe ofisini, umekaa chini nyuma ya meza yangu unachora. Akabisha hodi kijana mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka limesimama lenyewe, akanisalimia kwa Kidatoga. Unaijua salamu yetu, haina haraka. Mtu ataulizwa watoto, ng'ombe, maji, njia aliyopita, na kila swali lina jibu lake, na asiyejibu ni sawa na aliyemfungia mgeni mlango. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Karibu. Una shida gani?" Akadhani sijasikia, akairudia. Nikasema, "Kijana, hapa ofisini tunaongea Kiswahili au Kiingereza." Mlango ulikuwa wazi, na kwenye korido walikuwapo wenzangu wawili.

Ndipo sauti yako ikatoka chini ya meza. Ukamjibu salamu yote, kama bibi alivyokufundisha, swali kwa swali. Gidamis akacheka kwa furaha, akachuchumaa, akakuuliza ng'ombe, nawe ukamweleza habari za ndama wa bibi mwenye doa kwenye paji la uso. Nikasema, "Upendo! Nyamaza." Ukanyamaza. Yeye akasimama, akasema "Ahsante, Dokta," akaenda zake. Njia nzima hadi Kibaha hukunisemesha.

Hakuwa na shida yoyote, mwanangu. Nilikuja kujua baadaye. Alikuwa amesikia kwamba yupo mama wa kwetu anayefundisha, akaja kusalimia. Alimaliza chuo vizuri bila mimi. Siku ya mahafali ndugu zake walikuja na mashuka yao na fimbo zao, mama yake akapiga vigelegele mpaka kanopi ikatikisika, na mimi nilipita kwenye maandamano ya wahadhiri nimevaa joho na miwani, nikitazama mbele. Nilitamani kusimama pale nipige vigelegele naye. Nilipita.

Basi, hiyo ndiyo mizigo niliyokuwa nayo siku ile uliposema huendi. Sikulala vizuri, lakini sikuja na maneno ya kukushawishi, maana maneno yangu juu ya jambo hilo hayakuwa na thamani kwako, na ulikuwa na haki. Jumatatu nikaiacha miwani juu ya friji, nikaondoka kabla sijabadili mawazo.

Nilijiandaa kwa kila kitu. Kwenye gari nilikuwa natunga majibu. Nikaingia darasani uso wazi, ukumbi ukatulia. Kijana mmoja wa mbele akanyoosha mkono. Nikasema moyoni, haya, limefika. "Dokta," akasema, "ile kazi ya kikundi tunakusanya Ijumaa au wiki ijayo?"

Nilicheka mpaka wakashangaa. Nikawapa wiki ijayo.

Mkuu wa idara alinitazama kwa muda, akaniuliza kama nimebadilisha nywele. Nisikudanganye kwamba kila mtu alikuwa hivyo. Nilimsikia mmoja ngazini akimwambia mwenzake, "Kumbe ni Mang'ati." Iliniuma. Nikaenda kantini nikanywa chai na chapati, na nilipomaliza chapati maumivu yalikuwa yamepungua. Miaka yote ile nilidhani neno hilo likisemwa nitaanguka.

Kulikuwa na binti anayekaa nyuma kabisa, Marselina, anafunga kilemba hadi kwenye nyusi. Nilikuwa nimemfundisha muhula mzima nikidhani ni staili. Wiki ile ile akanifuata nje ya darasa, akakisogeza kilemba juu kidogo, nikaziona alama zake. Nikamsalimia mimi, kwa Kidatoga, nikaanza na watoto na ng'ombe na maji na njia, pale pale kwenye korido, watu wanatupita na vitabu vyao. Lugha ilikuwa imekaa vizuri mdomoni, haikuwa na kinyongo na mimi. Kikao cha idara nilichelewa. Waliponiuliza nilikuwa wapi nikasema nilikuwa nasalimiana.

Na wewe ulituona. Ulikuwa umeniletea funguo nilizosahau, umeegemea ukuta, hata sikujua umefika. Marselina alipoondoka ukaja ukanikabidhi funguo, ukasema, "Mama, umemwambia ng'ombe wa bibi wote ni wazima. Yule mwekundu anachechemea."

Basi, hilo tu. Hukunisifu, wala hukunikumbatia. Jioni nikiwa jikoni nikasikia unamuuliza baba yako, "Baba, lile begi kubwa liko wapi?" Aliruka kitini kama ameitwa polisi. Mimi nikaingia bafuni, nikafungua bomba ili msinisikie, nikalia kwa raha. Sijawahi kushukuru namna ile tangu siku uliyozaliwa ukachelewa kulia, halafu ukalia.

Sasa unakwenda. Uso wako hauna alama, kwa hiyo utaweza kuchagua, siku za mwanzo, kama watu wajue au wasijue. Mimi sitakuchagulia. Siku nyingine utachoka na hutataka kueleza chochote, na hiyo pia ni haki yako, mtu hawezi kuwa makumbusho kutwa nzima. Ila ujue tofauti kati ya kupumzika na kujificha. Mimi nilianza kwa kupumzika, na sikuona siku nilipovuka.

Wakikusimamisha darasani uwasemee Wadatoga wote, waambie wewe unaweza kumsemea bibi yako tu, na hata yeye atakukana. Ukiwa na jibu, usiseme "Sijui, mwalimu." Lile jibu nililolimeza mimi lilikaa tumboni miaka mingi kuliko chakula chochote. Na wakikuita kwenye kamati, uliza kwanza kama kuna mtu atakayesikiliza. Ukiona wanakuhitaji kwa picha tu, waambie una mtihani wa kusomea.

Utakutana na wengine. Si wa kwetu tu. Utamwona mtoto wa mvuvi, mtoto wa Mhadza, kijana mwenye ualbino, binti aliyezaliwa kambi ya wakimbizi, kila mmoja na kilemba chake kimeshuka hadi kwenye nyusi. Usisubiri wakuoneshe. Anza wewe kusalimia, na ujibu mpaka mwisho. Kama utachelewa kipindi kwa sababu hiyo, mimi kama mhadhiri sikubaliani nawe, lakini kama mama yako nitakuandikia barua ya udhuru.

Bibi amenipigia simu saa hizi, nikiwa katikati ya ukurasa huu. Analalamika kwamba umekula kidogo, na anasema anakupa kibuyu cha maziwa ya mgando upande nacho kwenye basi. Nimemwambia basi zima litanuka, akasema vizuri, watajua kuna mtu amepanda. Kisha akaniambia jambo ambalo nadhani alikuwa amelitunza tangu nilipokwenda kumtembelea mwezi uliopita, nikiwa bila miwani. Siku ile alinitazama tu, hakusema. Leo amesema, "Mwambie mjukuu wangu aende. Nilikuwa namwogopea, lakini sasa siogopi. Uso wa mwanangu umeshatoka shule, umerudi nyumbani."

Nikasingizia mtandao, nikakata simu.

Sasa nikuchekeshe kidogo kabla hujarudi. Juzi nilipokuwa najaribu kusoma maelekezo yako ya usajili niliona herufi zinacheza. Nikaenda kupima macho. Daktari, kijana mdogo, akanigeuza huku, akanigeuza kule, akaniambia, "Mama, umri umefika. Unahitaji miwani." Nilicheka kwenye kile kiti mpaka akaniuliza kama niko sawa. Baada ya yote hayo! Nikachagua fremu nyembamba ya waya, ile ambayo alama zote zinaonekana pande zote mbili, na kioo chake, mwanangu, safari hii kina kitu ndani.

Barua hii nimeiandika nikiwa nimeivaa. Kesho stendi sitaivaa. Hiyo ni ya kusomea tu, na wewe nakuona vizuri bila miwani.

Mama yako